Gia ya Kushukia

Miongoni mwa mambo yanayofunua undani wa binadamu ni namna anavyochagua chombo cha kumsafirisha yeye na watu wake. Mtu huweza kuificha tamaa yake katika mazungumzo, akaificha hata katika mavazi; lakini siku anaposimama mbele ya magari kumi yaliyopangwa safu, naye ana akiba ya miaka sita mkononi, hapo moyo wake husema wazi. Je, anauliza kwanza nani atapanda, au anauliza kwanza nani ataona?

Watu husema kwamba gari ni chuma tu. Naam, ni chuma. Lakini ni chuma ambacho ndani yake tunawatia watoto wetu na wazee wetu, kisha tunafunga milango na kuwaambia walale usingizi mpaka tufike. Anayelala hana habari na mteremko wala kona. Ameliacha jambo lake lote mikononi mwa dereva, na kabla ya dereva, mikononi mwa yule aliyechagua injini na giaboksi. Maadamu ni hivyo, kuchagua injini na giaboksi kumekwisha kuingia katika mlango wa amana, wala si kazi ya kumwachia fundi au dalali peke yake.

Nakuandikia haya kwa kuwa nyumba yetu imetoka karibuni katika shughuli hiyo, na katika kuuliza huku na huku nimejifunza mambo ambayo naona haifai nikae nayo peke yangu. Tunakaa Tanga. Sisi ni watu watano, mume, mke na watoto watatu. Mama mkwe wangu yuko milimani Lushoto, mjane, magoti yake yamechoka, na kila baada ya miezi michache ni lazima ashuke Tanga kutibiwa. Basi la abiria limemshinda. Kwa hiyo tulikuwa tukitafuta gari kubwa la familia, lile liitwalo stesheni wagoni, lenye kiti ambacho mtu mzima aweza kunyoosha miguu, na nyuma yake pawe na nafasi ya mizigo.

Mzigo kwanza

Swali la kwanza mtu anapoona gari kwetu ni hili: "Ina cc ngapi?" Huulizwa barazani, huulizwa gerejini, huulizwa hata msikitini baada ya watu kutoka. Hapana ubaya kuuliza, lakini ni swali la pili. Swali la kwanza ni kwamba chombo hiki kitabeba nini, na kitapita wapi. Nahodha hapimi tanga kabla ya kujua shehena.

Nilikaa na mke wangu tukaandika katika karatasi. Siku za kawaida gari litakwenda sokoni, shuleni na kazini, safari za kilomita nne au tano, kusimama na kuondoka. Mara kadha kwa mwaka litapita Muheza, Segera na Korogwe mpaka Mombo, kisha litaiacha barabara kuu na kuupanda mlima kwa njia ya Soni mpaka Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kiasi cha kilomita 33, na katika mwendo huo mfupi mtu hupanda takriban mita 1,000 kwenda juu, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Tena tukaandika jambo ambalo halimo katika karatasi ya muuzaji yeyote. Katika mitaa yetu gari la familia halina familia moja. Siku mwanamke wa jirani atakaposhikwa na uchungu saa nane za usiku, mlango utakaogongwa ni wetu. Arusi itataka gari, na msiba utataka gari. Na stesheni wagoni, kwa urefu wake wa nyuma, ndiyo itakayotajwa kwanza kila panapokuwa na mgonjwa asiyeweza kukaa. Hii ni haki ya jirani, na mwenye akili huipima pamoja na mizigo mingine.

Baada ya kuandika hayo yote mke wangu aliniangalia, akasema, "Sasa, baba watoto, hilo gari wewe walitakia mlima au walitakia baraza?" Nakuomba, ndugu msomaji, ulichukue swali hilo uende nalo siku utakapokwenda kununua. Litakuokolea fedha nyingi.

Somo la Pijo

Kabla ya magari ya leo, watu wa umri wangu tuliyaona ya jana. Ile Peugeot 504 ya familia, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilirefushwa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma mpaka mita 2.90, ilhali saluni yake ilikuwa na mita 2.74. Ikawekwa safu tatu za viti, na nyuma ikapewa springi nne. Barabara nyingi za Afrika zilipitwa na gari hilo likiwa limejaa watu mpaka mlangoni. Na je, nguvu yake ilikuwa kiasi gani? Ile ya dizeli ya lita 2.3 ilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi, na giaboksi ya mkono yenye gia nne.

Kaka yake mkubwa, Peugeot 404, alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, tena mwaka 1966, 1967 na 1968; na mwaka 1966 na 1967 aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland wa Dar es Salaam. Injini ya 404 ilikuwa na cc 1,618 tu. Leo kijana akiambiwa hivyo hucheka, kwa sababu gari la kwenda sokoni huenda likaishinda kwa nguvu. Lakini ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Magari yale yaliundwa kwa kipimo, injini ikiijua giaboksi yake, giaboksi ikiujua mzigo, na springi zikiijua njia. Somo la Pijo ni kwamba nguvu ndogo iliyopangwa vema hufika, na nguvu kubwa isiyopangwa hukwama.

Injini

Sasa tuje kwenye magari ya leo. Ili nisizungumze hewani, nitachukua gari moja ambalo tulilipima kwa karibu, Mazda Atenza ya stesheni wagoni, toleo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2012 na ambalo sasa hutufikia kwa njia ya mtumba. Ina urefu wa mita 4.80. Nimelichagua kwa mfano kwa sababu lilitolewa kwa injini tatu, na hizo tatu zinafundisha karibu yote mtu anayohitaji kuyajua.

Ya kwanza ni ya petroli ya lita 2.0, yenye nguvu za farasi 155. Ya pili ni ya petroli ya lita 2.5, yenye farasi 188. Ya tatu ni ya dizeli ya lita 2.2 yenye tabo, nayo ina farasi 175. Mtu akitazama farasi peke yake atasema ya pili ndiyo bora. Lakini kuna kipimo kingine, nacho ni nguvu ya msokoto, yaani jinsi injini inavyoweza kuzungusha mzigo ikiwa polepole. Hapo ile ya petroli ya lita 2.0 ina nyutoni mita 196, na huzitoa injini inapozunguka mara 4,000 kwa dakika. Ya lita 2.5 ina 250 kwenye mizunguko 3,250. Na ya dizeli ina 420 kwenye mizunguko 2,000 tu. Kwa hiyo dizeli huvuta mzigo bila kupiga kelele, mithili ya mpagazi mzoefu, na petroli hutaka ikimbie kidogo kwanza ndipo ivute.

Juu ya hayo kuna hewa ya milimani. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa asilimia 13 hivi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, kama mtu wa pwani anavyohema akipanda ngazi za milimani. Injini yenye tabo husukumiwa hewa, hivyo haioni sana tofauti hiyo.

Ukisoma mpaka hapa utasema, "Basi mwandishi amekwisha kuamua, dizeli." La, ngoja kidogo. Dizeli za siku hizi zina kichujio cha masizi katika ekzosi. Kichujio hicho hukusanya moshi mweusi, na kila baada ya muda injini hukitia joto kali ili masizi yaungue na kuisha. Kazi hiyo hutaka safari ndefu, mwendo wa kutulia na injini iliyopata moto sawasawa. Gari linalokwenda kilomita nne sokoni na kurudi halimalizi kazi hiyo. Kichujio huziba, taa huwaka, na mwenye gari huanza kuzunguka gerejini. Tena kinataka mafuta safi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia mwaka 2015, na hilo ni jema. Lakini dizeli ya madumu kando ya njia haina anayeipima.

Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kila wiki, zaidi ya kilomita 800 kwa safari moja, akiupanda mlima wa Kitonga na shehena nyuma, dizeli ni haki yake, tena ni akili. Kwa nyumba kama yetu, ambayo siku tisa katika kumi gari haliondoki mjini, dizeli hiyo ni kama kumpa punda wa mizigo kazi ya kupeleka barua.

Ikabaki petroli, lita 2.0 au 2.5. Hapa nikafanya hesabu ambayo kila mtu aweza kuifanya. Gari pamoja na watu na mizigo, tuseme ni kilo 2,000. Kulinyanyua mita 1,000 kwenda juu kwa muda wa saa moja ni kazi ambayo kwa wastani haifiki farasi 8. Ongeza ugumu wa barabara na upepo, ongeza sehemu zilizo kali kuliko wastani, ongeza haja ya kulipita lori pale njia inaponyooka, hata ukizidisha mara nane bado hujazimaliza farasi 155, hata baada ya kukatwa fungu la hewa nyepesi. Tena serikali yetu hutoza ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na kiwango hupanda injini inapozidi cc 2,000. Ile ya lita 2.0 ina cc 1,997. Ile ya 2.5 imevuka mpaka, nayo itakunywa zaidi kila siku kwa ajili ya nguvu itakayohitajiwa mara chache kwa mwaka. Ziada ya namna hiyo ina jina lake, nalo ni israfu.

Giaboksi

Watu wengi wakifika hapa hufunga kitabu. Wamekwisha kupata injini, wanadhani wamekwisha kupata gari. Na hapa ndipo nilipotaka kukuleta tangu mwanzo.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyeendesha Pijo za abiria miaka mingi baina ya pwani na milima. Nilimwendea alasiri moja, nikampigia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza habari za farasi na za nyutoni mita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo yote ni ya kupandia. Gari kupanda hujipandia. Likishindwa litasimama, mtashuka, mtakunywa maji, mtaliacha lipoe. Niambie, umechagua nini cha kushukia?"

Niliporudi nyumbani nilishika tena kalamu. Ile kazi iliyolipeleka gari juu mita 1,000 haipotei. Inalingoja kileleni, na gari linapoteremka ni lazima itoke, nayo hutoka kwa sura ya joto. Kwa kilo zile 2,000, joto hilo lingetosha kuchemsha lita 60 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na mataili na upepo. Iliyobaki ina milango miwili tu ya kutokea, ama breki ama injini. Dereva akiifunga milango ya injini, yaani akiweka gia ya juu au akitoa gia kabisa na kuliachia gari frii, joto lote hukimbilia kwenye breki. Mafuta ya breki, hasa yaliyozeeka na kunywa unyevu, huchemka. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke haupelekei nguvu. Dereva hukanyaga, na mguu wake huzama mpaka chini pasina kitu. Hapo hapana cc wala farasi wa kumwokoa mtu.

Na angalia jinsi desturi zetu zinavyoikaza kamba hii. Sisi tunapanda Lushoto na samaki wakavu, nazi na mchele. Tunateremka na magunia ya viazi, kabichi, karoti na matunda ya baridi, kwa kuwa hapana mkwe wa Kishambaa atakayekuacha uondoke na buti tupu. Mzigo mzito zaidi ni wa kushukia, na anayeketi kiti cha mbele akishuka ni mama mwenye magoti mabovu, asiyeweza kuruka wala kukimbia.

Basi zitazame giaboksi kwa jicho hilo. Ya mkono ni mwalimu bora wa kushuka. Unaweka gia ya pili, na itabaki ya pili mpaka wewe mwenyewe useme. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni moja fupi, kwamba gia uliyopandia ndiyo ushukie. Inaposhuka hivyo, injini ya petroli hufungiwa pumzi na kilango cha hewa, ikawa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa, na kule kunyonya hulizuia gari. Dizeli aghalabu haifungiwi pumzi namna hiyo, kwa hiyo huzuia kwa uchache zaidi, na ndiyo maana malori makubwa huongezewa breki ya ekzosi.

Ya pili ni otomatiki ya kawaida, ambayo hupokea nguvu ya injini kwa njia ya mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha huipitisha katika gia zake. Ukiiachia herufi D kwenye mteremko, huona gari linakwenda mbio bila kukanyagwa mafuta, nayo ikapandisha gia, jambo lililo kinyume cha unalolitaka. Lakini nyingi za siku hizi zina nafasi ya kuchagua gia kwa mkono, na ukiitumia hubaki katika gia uliyoichagua maadamu injini haizidishiwi mizunguko.

Ya tatu ni ile isiyo na ngazi za gia, inayotumia mkanda au mnyororo wa chuma baina ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ni laini mno mjini, na hupunguza mafuta. Mlimani inataka mtu aijue, kwani mwendo wa polepole na mzigo mzito huyapasha moto mafuta yake, na katika kushuka ni lazima uiamrishe kwa L au kwa nafasi yake ya mkono, la sivyo huliachia gari liteleze. Tena mafuta yake ni ya kwake peke yake. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yakitiwa humo kwa ujinga au kwa kutaka rahisi, giaboksi hufa.

Sasa itazame hali tuliyokuwa nayo. Mazda ile iliuzwa Japani kwa giaboksi ya mkono yenye gia sita, lakini ilifungwa pamoja na injini ya dizeli. Aliyetaka petroli alipewa otomatiki ya gia sita. Kwa hiyo tukiitaka giaboksi bora ya kushukia, tutaichukua pamoja na injini isiyofaa kwa mitaa yetu. Na tukiitaka injini inayofaa, tutaacha klachi. Dunia haimpi mtu kila kitu katika sahani moja.

Tuliamua hivi. Tukachukua petroli ya lita 2.0 na otomatiki ya gia sita yenye nafasi ya mkono, kwa masharti mawili. La kwanza, kila mwenye leseni katika nyumba ajifunze kushuka kwa gia kabla hajapewa ufunguo wa kwenda mlimani. Mke wangu alijifunza pale Soni asubuhi moja, gari likiwa tupu, akashuka kwa gia ya pili mpaka Mombo, na mguu wake ulikuwa ukiigusa breki kwa kifupi tu kwenye kona, kisha unaiacha ipoe. La pili, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana safi.

Na kwa wale wanaoachia gari frii ili kuokoa mafuta, wajue kwamba hata hesabu yao ya fedha haisimami. Katika injini hizi za sasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, injini hukata mafuta kabisa na huzungushwa na magurudumu. Ikiwa frii, ni lazima inywe ili isizime. Mwenye kuachia frii amenunua hatari kwa bei ya hasara.

Amana ya wanaouza na wanaotengeneza

Yote niliyokueleza hayana maana ikiwa kinywa cha muuzaji hakina ukweli. Injini mbovu hupiga kelele, na mnunuzi husikia. Giaboksi mbovu ni mnafiki. Ikiwa baridi huenda vizuri, na aliyekuja kulijaribu gari kwa kilomita mbili huondoka ameridhika. Maradhi yake hutoka ikishapata moto, katika mwinuko wa kwanza, watu wakiwa wamejaa ndani. Muuzaji anayejua hivyo naye akanyamaza, akampa mwenzake mkono na kumtakia heri, hakuuza gari. Ameuza balaa, na thamani aliyoipokea ataijibu.

Kwa hiyo mnunuzi naye afanye wajibu wake. Aombe karatasi ya mnada iliyotoka na gari Japani, ailinganishe na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Aende na fundi asiyekuwa na fungu katika biashara ile. Aliendeshe gari nusu saa mpaka lipate moto, alipandishe mahali penye mwinuko, na atazame kama gia hubadilika bila kugonga na bila kuteleza. Ayaangalie mafuta ya giaboksi, na akiyakuta meusi yenye harufu ya kuungua, basi aage kwa heshima na kuondoka. Aibu ya kukataa ni ya siku moja.

Nawe fundi, ikiwa wasoma haya, ujue kwamba nawe ni abiria katika kila gari ulilolifunga. Chupa ya mafuta uliyoitia pasina kusoma kilichoandikwa juu yake huteremka mlima pamoja na watoto wa watu.

Ndugu msomaji,

Nimekuonyesha hesabu za nyumba yetu ili upate njia ya kufanya zako. Yumkini wewe mzigo wako ni mwingine na njia yako ni nyingine. Huenda dizeli ya mkono ndiyo itakayokufaa. Huenda hata gari dogo likakutosha, na lile kubwa lilikuwa la baraza. Andika mzigo, andika njia, andika nani ataendesha, kisha ndipo uulize cc.

Lakini jambo moja lisikutoke. Wengi wetu tunapotafuta chochote, kazi, mali, cheo au chombo, huuliza kitatupandisha mpaka wapi. Ni wachache wanaouliza kitatushushaje. Nguvu ya kupanda huonekana na kusifiwa, na watu huisimulia. Nguvu ya kujizuia haionekani na mtu, kwa sababu matunda yake ni kwamba hapakutokea kitu. Mama amefika salama, watoto wameamka wakiuliza kama tumekwisha kufika, na hapana habari ya kusimulia. Mwenye kuitafuta safari isiyokuwa na habari huyo ndiye mwenye akili.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote njia za salama, kupanda na kushuka.